Samaki Wakivaa Rangi

Jumapili ile soko la samaki la nyuma ya stesheni lilikuwa limefurika watu. Mifuko ya plastiki iliyojaa maji na hewa ilining'inia pande zote za kichochoro, na ndani yake samaki walizunguka wakiwatazama wanunuzi kama wanunuzi walivyowatazama wao. Laras alipita katikati polepole, mtandio wake una rangi ya papai bivu, blauzi ya kijani imemkaa vizuri, ndala zimeloa chapachapa. Jua la Jakarta lilipenya kwenye mifuko likamchora mashavuni madoa mekundu na ya bluu. Alijihisi kama mtu anayetembea chini ya maji, na hakuwa na haraka ya kuibuka.

Nyumbani kwao kulikuwa na tangi la vioo ambalo halikuwa na hata dagaa tangu baba yake alipofariki. Laras alikuwa amechoka kulitazama likiwa tupu. Kazi yake ni kushona shanga kwenye kebaya, zile blauzi rasmi za maharusi, kwa hiyo rangi alizijua vyema. Tatizo ni kwamba samaki nao aliwachagua kama anachagua shanga.

"Nipe wale wekundu," alimwambia Koh Aliong, muuzaji, "na huyu mrefu wa bluu, na hawa wadogo wenye mistari inayowaka."

"Huyo mrefu atawafanya kitafunio hao wekundu," ilisema sauti nyuma yake. "Na hao wanaowaka wamechomwa sindano ya rangi. Ukikaa nao kidogo watabaki weupe pe."

Laras akageuka. Alikuwa kijana mrefu, suruali ya sare imenyooka pasi, mikono ya shati imekunjwa, kashika furushi la majani makavu ya mti wa mkungu, yale ya kutibia maji ya samaki.

"Samahani, kaka. Umeajiriwa hapa?"

"Hapana, dada. Mimi ni mteja tu, mwenye kiherehere."

Koh Aliong alicheka. "Huyo ni Galih, dereva wa treni. Ananunua majani ya mkungu, basi, halafu ananifukuzia wateja wa maana."

"Haya, mwenye kiherehere," Laras alisema, "wewe ungenichagulia nani?"

Galih akanyoosha mkono, kidole mbele, akatamka kama anatangaza stesheni: "Tangi la chini, kushoto. Samaki wa upinde wa mvua. Salama."

Laras alitazama huku na huku kuona nani mwingine amesikia. "Unamwonyesha nani?"

"Nisamehe, ndiyo kazi yetu. Kila taa ya njiani lazima uionyeshe kidole na kuitaja kwa sauti, usije ukaiona bila kuiona. Sasa nimezoea. Hata sufuria ya wali naionyesha."

Laras akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Kisha akainama kutazama, na kicheko kikamkauka. "Hawa? Rangi ya maji ya kuoshea vyombo?"

"Bado watoto. Asili yao ni ziwa moja huko Papua. Wakikua, mbele wanakuwa bluu, nyuma wanakuwa moto mtupu. Wape muda tu."

Lipo jambo moja alisahau kulisema, nalo ni dogo, linajulikana na kila afugaye samaki hao. Laiti angelisema siku ile, watu wawili wasingelia. Lakini nani anakumbuka elimu yake yote mbele ya mtandio wa rangi ya papai? Laras alinunua madume na majike, akaondoka na mfuko kifuani kama aliyebeba mtoto, na namba ya simu ya Galih ikiwa tayari kwenye simu yake.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Galih akimaliza zamu, kabla hata hajavua viatu, alipiga.

"Kipenzi, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimeonja sauti yako, nasubiri wali."

"Acha uongo wako. Nenda kale."

Siku za mapumziko walikutana stesheni, wakaketi kwenye benchi la mwisho wakila ndizi za kukaanga, treni zikipita mbele yao na upepo wake ukicheza na mtandio. Nyumbani kwa Laras, Galih hakuwahi kukanyaga. Nyumba ya mjane na bintiye haiingii kijana kabla wazee wake hawajatangulia, na mama yake, Mama Murni, katika hilo hakuwa na mchezo.

"Laras," Galih alisema siku moja, mvua ikipiga paa la stesheni, "samaki wako watakapovaa rangi, niambie. Wiki hiyohiyo wazazi wangu watapanda treni kutoka kwetu Solo."

"Na wasipovaa?"

"Watavaa. Tena kabla mvua hizi hazijaisha."

Laras alirudi nyumbani miguu haigusi ardhi. Tangu siku hiyo, kila jioni akitoka kazini, jambo la kwanza lilikuwa tangi.

Tangi lenyewe lilikaa penye dirisha la mashariki, na Mama Murni alikuwa na desturi yake. Jua likizama alilifunika kwa sarong, shuka ya batiki ya kujifunga kiunoni, ya marehemu mumewe, na sarong hiyo haikutoka mpaka adhuhuri. Jua la asubuhi huotesha utando wa kijani kwenye vioo. Mumewe alifanya hivyo siku zote, na sasa yeye hakuwa na mikono ya kusugua. Laras aliondoka asubuhi sarong ingali pale. Jioni aliinua pembe yake, akawasha taa, na samaki waliozinduliwa ghafla walijibanza pembeni, kijivu kama jivu la kuni.

"Mpenzi, wamevaa?" Galih aliuliza kwenye simu.

"Bado."

Mvua zikapungua. "Wamevaa?" "Bado, kipenzi." Vumbi likarudi barabarani, maembe yakaingia sokoni. "Wamevaa?" "Bado." Galih akaanza kuuliza kwa sauti ya chini zaidi, kisha akaacha kuuliza, kisha simu zenyewe zikaadimika. Laras akasononeka. Usiku mzima moyo ulimwambia neno moja: mtu anayetaka kuoa hangojei samaki.

Safari hii akapiga yeye.

"Galih, nikuulize. Uliwahi kuwaona samaki hawa wakivaa rangi kwa macho yako, au ulinipa kitendawili ili nikae kimya?"

"Juzi nilikwenda kwa Koh Aliong. Anasema wenzao wote aliowauza siku ile wamevaa zamani. Wako tu ndio bado."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo."

"Sema basi unachosema."

"Kwetu Solo msichana mwenye adabu hamwambii mtu hapana. Humwambia bado, na bado, na bado, mpaka mwenyewe aelewe." Sauti yake ilikwaruza. "Nami nimeelewa, Laras. Sikulaumu. Zamu inaanza, lazima nifunge simu."

Laras alibaki kaishika simu sikioni. Ni yeye aliyejiona amekataliwa, na sasa anaambiwa yeye ndiye aliyekataa! Alitamani kupiga tena, lakini hasira ikamwambia usipige, na majonzi yakaungana na hasira. Kazini alishona shanga za watu wengine huku machozi yakidondokea hariri, na bibi harusi mmoja alisifu jinsi kifua cha kebaya yake kinavyometameta.

Ikawadia siku ya elfu tangu baba yake afariki, siku ambayo kwa desturi yao huhitimisha maombolezo. Majirani wakaja, dua ikasomwa, wali wa manjano ukaliwa, na wa mwisho akaaga. Mama Murni akavua sarong ya mumewe kwenye tangi, akainusa kidogo, akaitia kwenye beseni la maji na sabuni.

"Imetosha," alisema. "Elfu yake imetimia. Nikishaianika nitaikunja, niiweke."

Laras alimkumbatia mama yake hivyohivyo na mapovu mikononi.

Alfajiri iliyofuata alisali, akakaa mkekani bila kuwaza kitu. Dirisha likapauka, likawa la waridi. Jua likaingia ndani ya maji pole kwa pole, likashuka kati ya majani, likamfikia dume la kwanza. Kichwa na mabega ya samaki yule yalikuwa bluu ya usiku unaoisha, na nyuma, kuanzia kiunoni, alikuwa anawaka. Dume jingine likaja likasimama ubavuni mwake, mapezi wazi, na mstari wa mwanga ukamwaka utosini, ukazima, ukawaka. Wakazungukana mbele ya majike, taratibu, bila sauti, kama wacheza ngoma wa harusi ambayo wageni wake bado wamelala. Na jua lilipopanda juu ya paa la jirani, rangi ikaanza kuwatoka, kidogo kidogo.

Ndipo alipoelewa. Walikuwa wamevaa zamani. Kila asubuhi ya Mungu walicheza ngoma yao chini ya sarong ya baba, gizani.

"Mama," aliita. "Mama, natoka."

Alipiga simu, ilikuwa imefungwa. Dereva akiwa kazini simu yake hukaa ndani ya mkoba. Basi akajitupia mtandio, akakimbilia stesheni, akaenda kusimama mwisho kabisa wa jukwaa, pale kichwa cha treni kinaposimama. Ya kwanza haikuwa yake. Ya pili pia. Ya tatu ilipoingia, akaiona ile sare iliyonyooka na uso uliokonda.

Galih aliteremsha kioo. "Laras? Kuna nini?"

"Wamevaa."

"Nani?"

"Samaki! Mama alikuwa anawafunika hadi mchana na sarong ya Baba. Mimi nilikuwa nawawashia taa jioni. Galih, wanavaa alfajiri. Mbona hukuniambia ni alfajiri?"

Galih akajishika kichwa. "Sikukuambia?"

"Hukuniambia."

"Mimi mjinga, Laras. Mimi mjinga wa kutupwa."

"Na bado yangu ilikuwa bado. Haikuwa hapana hata siku moja."

Filimbi ikalia. Kazi haina mapenzi. Galih akageuka mbele, akanyoosha mkono. "Taa ya kutoka, kijani. Salama." Halafu kidole kile kikaiacha taa, kikaja kikamsimamia Laras, na kwa sauti ileile ya kazi akatamka jina lake zima: "Larasati. Nimemwona. Salama."

Treni ikaondoka. Abiria wa dirisha la pili alikuwa anacheka, na Laras hakuona haya.

Wazee wa Solo waliwasili wiki hiyohiyo, na mtaa mzima ulishangaa posa gani hii inayokuja na adhana ya alfajiri. Waliingia na sinia za matunda, vitambaa na keki za wali wa kunata, wakaketi mkekani mbele ya tangi. Taa zilizimwa, kwa ombi la Galih. Yeye alikaa nyuma ya baba yake, shati la batiki limempwaya kwa kukonda, hajui mikono aiweke wapi. Laras alikaa ubavuni mwa Mama Murni kavaa kebaya nyeupe, na kwa mara ya kwanza shanga alizoshona zilikuwa zake.

Baba Galih akakohoa, akasema maneno yake marefu ya heshima, akamalizia: "Basi binti yetu, tumekuja kusikia kutoka kinywani mwako. Umekubali?"

Laras aliinamisha macho. "Bado," alisema.

Galih aliinua kichwa, uso umemsawijika. Mama Murni akambana bintiye paja.

"Bado jua, Baba," Laras alisema, akitabasamu. "Tusubiri kidogo."

Wakasubiri wote, wazee kwa vijana, wakilitazama tangi la kijivu. Dirisha likawa la waridi. Mwanga ukashuka ndani ya maji, ukamfikia dume la kwanza, na mama yake Galih, aliyekuwa hajasema neno tangu aingie, akasema, "Masha Allah," kwa sauti ya chini.

"Sasa," Laras alisema, "niulizeni tena."