Siku Hizi Huoni Watu

Clementina alivunjiwa miwani bandarini Kibirizi, Kigoma, asubuhi moja, boti za Kagunga zikishusha mizigo, na aliyeivunja ndiye akaja kuwa mpenzi wake. Alikuwa amefuata bunda la vitenge vya dukani kwake, amevaa gauni la njano na raba nyeupe. Erick, karani wa bandarini aliyehamia kutoka Njombe, alikuwa anatembea kinyumenyume huku anaongea na simu. Wakagongana, miwani ikaanguka, kiatu cha Erick kikamalizia kazi.

"Samahani dada. Nimekanyaga nini?"

"Macho yangu."

"Pole jamani. Lakini unaniona?"

"Naona shati la bluu linaloongea."

Erick akacheka, halafu akaona aibu kwa kucheka. Akambebea bunda na kumshika mkono mpaka dukani kwake mtaa wa Mwanga, akimtajia kila shimo la njiani. Walipoagana walikuwa wameshapeana namba.

Wakapendana miezi minane. Clementina alipata miwani mingine, mizito vilevile, na kuna jambo moja lilikuwa linamchoma asilolisema. Kila Erick alipotaka kumpiga picha ya kumtumia mama yake Njombe, maneno yalikuwa yaleyale.

"Vua miwani kidogo, mpenzi."

"Nikivua sikuoni."

"Kidogo tu. Mama auone uso."

Mama huyo alishapokea picha kumi na moja, na hakujua hata siku moja kwamba mchumba wa mwanawe anavaa miwani. Ungemuuliza Erick, angekwambia vioo vinarudisha mwanga. Alikuwa anajidanganya, na nadhani alijua.

Juni ilipofika Clementina akaaga kwamba anakwenda Dar kwa shangazi. Kweli alifikia kwa shangazi, ila safari ilikuwa ya daktari wa macho. Daktari akampima, akamwambia kioo cha jicho lake ni chembamba, hakifai ile njia ya kukata utando na kuufunua kisha kuurudishia. Yeye angefanyiwa ile isiyo na mkato: wanaondoa ngozi laini ya juu, mwale wa leza unachonga kioo, halafu ngozi inaota yenyewe.

"Wenzako wa njia ile nyingine huona kesho yake," daktari alisema. "Wewe utaumwa siku nne tano, kisha utaona ukungu kwa wiki kadhaa. Usiogope, na usiharakishe."

Clementina akakubali. Alitaka siku moja amtokee Erick macho makavu, amsome usoni bila kioo katikati.

Wiki ya pili baada ya leza akarudi Kigoma kimyakimya, ukungu bado haujaisha. Jumamosi akapita sokoni Mwanga polepole, amevaa miwani mikubwa ya jua aliyoagizwa na daktari. Ng'ambo ya barabara Erick alikuwa ananunua viatu. Akamwona, moyo ukamruka, akapunga mkono. Clementina akageuza uso upande ule, akautazama mkono uleule, akapita zake.

Erick akaandika ujumbe palepale, viatu kwapani: "Kumbe umerudi. Dar imekubadilisha, siku hizi huoni watu. Aliyekununulia hiyo miwani na akutunze."

Nyumbani Gungu, simu ikalia mlio ambao Clementina alimwekea Erick peke yake. Herufi zilikuwa zinamchezea. Akatabasamu, akampa simu baba yake, Mzee Gervasi, mwalimu mstaafu.

"Baba, nisomee. Ni Erick."

Mzee akasoma kwa sauti ya darasani, neno kwa neno, akafika mwisho kabla hajaelewa anachokisoma.

Siku nne Erick hakupata hata neno. Ya tano akapiga, akapokea mzee.

"Shikamoo Mzee. Naomba kuongea na Clementina."

"Marahaba. Ujumbe wako ulimkuta haoni, kijana. Mimi ndiye niliyemsomea."

Mzee akamweleza habari ya Dar yote. Erick akakaa chini juu ya gunia la watu. Alijisikia vibaya, na haki yake.

Kesho yake asubuhi alikuwa Gungu. Mzee Gervasi akapiga makofi ya salamu taratibu, kama wafanyavyo Waha. "Mwakeye." Clementina alishamfundisha Erick kuitika, lakini siku hiyo mikono yake ilikutana bila kutoa sauti. Mzee akaingia ndani, akawaachia ua.

"Nani alikutuma ukakwanguliwe macho?" Erick aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wewe."

"Sijawahi kusema hivyo."

"Mara kumi na moja, Erick. Nilikuwa nahesabu."

Erick akainama. "Mama aliwahi kusema nisimletee mke anayepapasa. Nikakuficha. Nilikuonea aibu, Clementina, halafu nikakuita mwenye maringo. Nimekosa."

"Toa simu. Soma ujumbe wako."

"Mpenzi, tafadhali."

"Baba yangu aliusoma. Soma."

Akausoma. Alipofika kwenye "huoni watu" akakosea, akarudia, akamaliza. Clementina alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Sasa rudi nyuma. Nitakwambia pa kusimama."

Erick akarudi kinyumenyume, kama siku ile ya Kibirizi. Hatua tano, nane, kumi na mbili.

"Hapo. Uso umepotea, limebaki shati. Siku ile sokoni ulikuwa karibu zaidi ya hapo?"

Erick akapima kwa macho. Barabara ya Mwanga ilikuwa mara mbili ya ua ule. "Mbali zaidi," alisema.

"Ndiyo ujue. Na usinisukume nikusamehe leo. Jicho langu hawakulirudishia ngozi, inaota yenyewe taratibu. Mimi pia niache niote."

"Nitasubiri. Mama nimempigia jana usiku, nimemwambia kila kitu. Kuhusu miwani, na kuhusu mimi."

"Akasemaje?"

"Alisema hata yeye siku hizi sindano anatungiwa uzi na jirani."

Clementina nusura acheke, akajizuia. "Njoo sasa. Taratibu."

Erick akaja hatua moja moja, naye akamsimamisha kwa kiganja alipofika ya saba.

"Hapo umeanza kuonekana," alisema. "Kumbe unalia."