Uso wa Mama Yake Mzee Nuhu

Nilipokuwa darasa la sita, kila nikitoka shule nilipitia kwanza studio ya picha ya shangazi yangu, Mwanaisha, pale Mikindani. Nilifagia, nilifuta vumbi kwenye kioo, nilipanga viti viwili vya mbao, kisha nilikula mihogo ya nazi aliyoniwekea. Mpaka leo nikinusa mihogo ya nazi naikumbuka studio ile.

Shangazi aliirithi kwa baba yake. Ukutani kulikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo Mtwara nzima hayapo. Pembeni lilining'inia koti jeusi la kuazima, na karibu wanaume wote wa mtaa wetu walipigwa picha wamelivaa, wanene kwa wembamba. Siku ya Idi watoto tulipanga foleni mpaka barabarani, viatu vipya vikitubana, poda imetukaa usoni. Picha uliingoja siku nne, na siku hizo nne hukuwa na habari nyingine ya kuzungumza. Raha ile sijaipata tena.

Kisha simu zikajaa. Idi moja walikuja watoto watatu tu, na mmoja wao nilikuwa mimi. Shangazi hakulalamika. Alikwenda mjini, akajifunza kwa fundi mmoja wiki nzima, akarudi na kompyuta, skana na printa alizouziwa na fundi huyo. Walikubaliana kwamba zisipomfaa atazirudisha ndani ya miezi miwili. Mlangoni akabandika tangazo kwamba anafufua picha za zamani.

"Kupiga picha siku hizi kila mtu anajua," alituambia nyumbani. "Lakini picha ya marehemu babu yako iliyoliwa na ukungu, simu gani itaipiga tena?"

Alisema pia kwamba kazi hiyo isiposhika atafunga studio, na chumba atampangisha muuza makava ya simu. Moyo uliniuma niliposikia hivyo.

Kompyuta niliijua upesi kuliko yeye, na kwa kuringa sikuwa mchache. Shangazi aliniachia kazi ndogo ndogo kwa sharti moja: kabla ya kuchapa, picha mpya iwekwe kwenye skrini kando ya ile ya zamani na ikaguliwe kwa lenzi ya kukuzia, sehemu kwa sehemu.

Siku moja akaja mzee mmoja kutoka Kitaya, kule kwenye mto Ruvuma. Aliitwa Mzee Nuhu. Alikuwa na picha moja tu ya marehemu mama yake, ndogo, imejaa madoa ya ukungu. Ukoo wao ulikuwa unakutana Jumapili, na wengine wangevuka mto kutoka Msumbiji. Wajukuu wengi hawakuwahi kumwona bibi yao hata kwa picha. Mzee alitaka ikuzwe, itundikwe ukutani.

Shangazi aliniachia niisafishe, akaenda kumjulia hali mgonjwa. Nami siku hiyo nilikuwa na mechi ya netiboli. Programu iliniuliza kama isafishe alama zote ilizozikuta. Nikabonyeza ndiyo. Uso ukatoka laini, unang'aa. Lenzi sikuigusa. Nilichapa, nikaitia kwenye bahasha, nikakimbilia uwanjani, na tukafungwa vilevile.

Mzee Nuhu alikuja kesho yake mchana. Alitoa picha kwenye bahasha, akaitazama, akaigeuza nyuma kama anayetafuta jina, akaitazama tena.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni mama, mzee wangu," shangazi akajibu.

"Mama yangu hakuwa na uso mtupu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama yake alikuwa Mmakonde wa zamani, amechanjwa nembo usoni: mistari ya kupindapinda mashavuni na kwenye paji la uso. Mwenyewe nilikuwa nimewaona bibi wawili watatu wenye nembo kama zile. Kwenye picha ile chakavu mistari ilichanganyika na madoa ya ukungu, nami nikaifuta yote pamoja.

Shangazi akanigeukia, akaniuliza kama niliikagua. Ulimi wangu ukanitangulia. Nilisema niliikagua vizuri, ila mashine iliifuta yenyewe wakati wa kuchapa.

Hakunishuku hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Alimwomba mzee radhi. Mzee hakugomba. Alichukua picha yake ya zamani, akasema yupo kwa binti yake Likombe mpaka Jumamosi, akaondoka taratibu. Shangazi akaifunika kompyuta kwa kanga.

"Mashine ya kufuta nyuso za mama za watu siitaki," alisema. "Kesho inarudi kwa mwenyewe."

Kesho yake nilipotoka shule nilimkuta juu ya kiti, analishusha pazia la maporomoko. Koti alikuwa ameshalikunja. Wallahi, nilihisi nimeibomoa nyumba ya watu kwa mdomo wangu. Hata kusalimia nilisahau.

"Shangazi, usiirudishe," nilisema. "Mashine haikukosa. Iliniuliza, nami nikaijibu ndiyo. Sikukagua. Niliwahi mechi."

Alishuka kwenye kiti. Nikaanza kulia. Kisha akasema maneno hayo si yake, yana mwenyewe Likombe, nami nitakwenda kumwambia kwa kinywa changu. Tukapanda bajaji.

Mzee Nuhu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Mashine haina haya, mjukuu wangu. Wewe jana ulitazama chini."

Shangazi alimwomba arudi naye studio, na mzee akakubali. Nilimwekea kiti kando yangu mbele ya kompyuta. Nikaanza upya, doa moja baada ya jingine, na kwa kila moja nilimwuliza kabla ya kugusa. Pale ukungu ulipokuwa umekula mstari, alichora kwa kidole kwenye shavu lake mwenyewe, nami nikaufuata. Alitueleza mama yake alichanjwa akiwa msichana, na kwamba hakulia, jambo alilojisifia mpaka uzeeni. Kazi ya dakika tano ilituchukua mpaka usiku ukaingia.

Picha ilipotoka, shangazi aliikagua kwa lenzi, kisha akamkabidhi mzee kwa mikono miwili. Mzee Nuhu akavua kofia.

"Shikamoo, mama," alisema.

Tulipobaki wawili, shangazi alinishika bega.

"Hafsa, dunia inabadilika na sisi lazima tubadilike nayo, tusipotaka kuachwa," alisema. "Mashine ikikosea, nitamwita fundi. Lakini wewe ukiisingizia, nitamwita fundi gani? Jana uwongo wako ulikuwa unaifunga studio ya babu yako. Leo kweli imeifungua."

Tangu siku ile, hakuna picha inayosafishwa pale studio bila ndugu wa aliyepigwa kuwepo. Walio mbali, Newala au Dar es Salaam, tunawapigia simu ya video, nasi tunauliza doa kwa doa. Kazi huenda polepole, na wateja wanaongezeka. Mtu akitaka tufanye haraka, shangazi humwambia akae kwanza kwenye kiti, atueleze huyo marehemu alikuwa nani.