Kompyuta ya Thelathini na Mbili

Odeta hakuwa na cheti. Hakuwa na mume, hakuwa na kiwanja, hakuwa na mjomba serikalini. Hakuwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto; kilibaki kwenye feni ya jenereta zamani, akiwa anajifunza kazi. Hakuwa na bastola wala hakuitaka. Hakuwa na tabia ya kuomba msamaha. Na Jumamosi hiyo hakuwa hata na simu, kwa sababu Nurudin alikuwa amezikusanya simu za wote na kuzitia kwenye mfuko wa plastiki.

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha duka la nyavu, Mabatini.

SAA TANO ASUBUHI

Nurudin alichora kwa chaki juu ya meza. Shati lake lilikuwa jeupe, limenyooshwa. Alikuwa dalali wa mabondo, yale matumbo ya hewa ya sangara yanayokaushwa na kuuzwa kwa Wachina kwa bei ya kutisha. Kiwanda cha samaki cha Nyakato kilikuwa na magunia ishirini ya mabondo stoo, na Nurudin aliyataka yote.

"Leo ni Jumamosi," alisema. "Meneja Nathaniel ni Msabato. Simu yake imezimwa tangu jua la jana lilipozama. Haitawashwa mpaka jua la leo lizame. Hati ya kutoa mzigo ikitiliwa shaka getini, hakuna wa kumpigia."

"Na hati inaandikwa kwa mkono," alisema Shamsia. Yeye alikuwa karani wa geti, binti mwembamba mwenye kucha za hina. "Kompyuta zikiwa kwenye matengenezo, naandika kwa kalamu. Ndio utaratibu."

"Na kamera je?" aliuliza Masele.

"Muulize dada yako."

Odeta hakuinua macho. Alikuwa anakunja kebo.

"Meneja mwenyewe kanipa kazi ya kuzisafisha kompyuta zao zote, thelathini na moja, na ya kamera imo. Naweka seva yangu yenye nakala moja safi ya programu zao. Kila kompyuta inawashwa bila kugusa diski yake. Inapiga kelele kwenye waya: nani anipe anwani? Seva inajibu: shika hii, njoo uchukue mzigo wako. Zikishafika zote, nafungua bomba mara moja, zinakunywa pamoja. Dakika arobaini. Hapo hakuna kamera inayorekodi. Na yote yaliyorekodiwa zamani yanafutika, pamoja na wewe ulipokwenda kuchungulia stoo umevaa jezi ya Yanga."

"Jezi ina kosa gani?"

"Ni ya njano, Masele. Ulionekana mpaka Musoma."

Hata Nurudin alicheka.

"Kwa nini usiizime tu hiyo ya kamera?" Masele aliuliza tena.

"Mlinzi ana amri. Skrini yenye mstari wa bluu unaotembea, fundi yuko kazini. Skrini ikiwa nyeusi, au kamera zikianza kuonyesha watu asiowajua, anabonyeza kengele."

Masele alikuna kovu la nyusi. Alitoka gereza la Butimba mwezi Machi, kwa kosa la kuendesha gari la wizi. Hakimu alimwambia mbele ya mama yake kwamba akirudi tena atazeekea humo. Dili hili ni Odeta aliyemwingiza, kwa sababu hakuna dereva mwingine aliyemwamini. Alikuwa amejiapia jambo moja tu: hata yeye akikamatwa, Masele harudi ndani.

"Mzigo unakuja Igombe," alisema Nurudin. "Boti itakuwa ufukweni saa kumi na moja. Mimi nawasubiri hapo. Simu zinabaki kwangu. Tunaelewana?"

"Tunaelewana, bosi," alisema Shamsia. Peke yake.

SAA NANE MCHANA

Ofisi za kiwanda zilikuwa tupu. Harufu ya samaki ilipenya hata kwenye mapazia. Odeta aliziwasha kompyuta moja baada ya moja, akakimbia kwenye seva yake, akasubiri.

Ishirini ziliitika. Kumi na moja hazikuitika.

Alitukana kwa Kisukuma, taratibu.

Zile ishirini zilisimama zikisubiri wenzao, kwa kuwa bomba halifunguki mpaka wote wawepo. Zile kumi na moja zilifanya jambo baya zaidi. Zilipokosa mzigo, zilirudi kwenye diski zao za zamani na kuamka kama kawaida. Mojawapo ilikuwa ya kamera. Pale kwenye skrini, kwa rangi safi kabisa, Fuso ya Masele ilikuwa inarudi nyuma kuelekea stoo.

Akaizima na kuiwasha upya. Alikuwa na dakika mbili kabla haijaamka tena.

Alikagua kebo. Nzima. Alibadilisha tundu kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kebo zote. Bure. Aliwasha seva upya. Safari hii ziliitika ishirini na mbili, lakini si zilezile. Mbili zilizokubali mwanzo sasa zilikataa.

Hapo akasimama.

Kebo mbovu inakuwa mbovu siku zote. Haichagui. Hii ilikuwa inachagua, mara huyu, mara yule, kama mashindano ya nani awahi. Kuna mwingine humu ndani, aliwaza. Kompyuta inauliza nani anipe anwani, na watu wawili wanajibu. Anayewahi ndiye anayesikilizwa.

Alikimbilia kompyuta iliyokataa, akainama kusoma anwani iliyopewa kabla haijapotea. Anwani za seva yake zote zilikuwa na kumi katikati.

Hii ilikuwa na sabini na saba.

Sabini na saba ni mwaka aliozaliwa mama yao. Odeta ndiye huiweka namba hiyo, kwa mkono wake, kwenye vifaa anavyowatengenezea watu wake wa karibu. Mwezi uliopita alitengeneza ruta moja tu, kifaa cha kugawa mtandao. Alimpa Nurudin. Bure.

SAA NANE NA NUSU

Alirudi kwenye swichi. Akachomoa kebo moja, akatazama, akairudisha. Nyingine. Nyingine. Alipochomoa ya tano kutoka mwisho, kompyuta ya kamera ilipata anwani yenye kumi katikati na mstari wa bluu ukatokea.

Kwenye kebo hiyo kulikuwa na karatasi: CHUMBA CHA GETI.

Alivuka uwanja kwa hatua za mtu asiye na haraka. Kwenye benchi nje ya geti alikaa mlinzi mzee, rungu magotini.

"Shikamoo, mzee Kashindye."

"Marahaba, fundi. Mbona jasho?"

"Kompyuta zenu zina kiburi, mzee."

"Zimefanana na wenyewe," alisema Kashindye, akarudia kutafuna muwa.

Ndani, Shamsia aliruka kutoka kwenye kiti. Odeta alifunga mlango, akapandisha macho. Juu ya kabati, nyuma ya makopo ya rangi, taa ndogo ya kijani ilikuwa inapepesa. Ruta yake. Kando yake, kompyuta ya mapajani ya Nurudin. Dirishani, kimebandikwa kwa gundi, kijicho cha kamera kikitazama stoo.

Kwenye skrini Masele alikuwa anabeba gunia. Uso wake ulionekana mpaka kovu la nyusi.

"Nani kaiweka?"

"Dada Odeta..."

"Sikukuuliza jina langu."

"Bosi. Alisema ni ya usalama wetu. Picha ziende kwake moja kwa moja, halafu jioni ampe afande fulani, rafiki yake. Alisema ni kwa ajili ya... sijui. Alisema nisikwambie, utakasirika."

"Afande apewe picha ya Masele akibeba magunia. Huo ndio usalama wetu?"

Shamsia aliitazama tena skrini.

"Hati ya mzigo ina mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Seva ya nani?"

"Yako."

"Gari anaendesha nani? Na Nurudin yuko wapi kwenye haya yote, mdogo wangu? Nionyeshe hata kivuli chake."

Binti alikaa chini taratibu.

Odeta alikuwa ameshapanda kwenye kiti. Alishusha ruta, akaigeuza. Ina tundu moja la njano, la kupokea mtandao kutoka nje, na matundu manne meusi ya kugawa ndani. Kebo ya kiwanda ilikuwa kwenye tundu jeusi.

"Alikwambia uchomeke wapi?"

"Alisema tundu lolote."

Odeta akacheka. Alicheka kwa sauti, mpaka Kashindye akageuza shingo nje.

"Tundu lolote! Mwanaume anavaa saa ya dhahabu, hajui tundu. Umechomeka pa kugawia. Ndiyo maana ruta ilikuwa inagawa anwani kwa kiwanda kizima na kunivurugia kazi. Na kwa tundu hilo haipati mtandao wa kwenda nje. Hakuna picha hata moja iliyomfikia. Zote zimo humu."

Alipiga kofi mgongo wa ile kompyuta.

"Tuivunje," alisema Shamsia. "Tuitupe ziwani."

"Kompyuta nzima hii? Usiwe na hasira za kitajiri. Nibebee kebo."

SAA TISA KASORO ROBO

Bila ile ruta, kompyuta zote ziliitika kwa mara moja. Thelathini na moja, zimepanga mstari, zinasubiri. Odeta alichomeka kebo kwenye kompyuta ya Nurudin, akaizima, akaiwasha kwa njia ya mtandao.

Nani anipe anwani? ikauliza, kama wenzake.

Seva ikaipa.

Thelathini na mbili. Odeta alifungua bomba.

Masele aliingia akiwa amejaa vumbi la chumvi. "Dada, magunia kumi na mawili tayari. Mbona umeweka kompyuta ya bosi kwenye foleni?"

Alimweleza kwa maneno machache. Uso wa Masele ulibadilika. Mkono ulikwenda kwenye spana aliyokuwa ameichomeka kiunoni.

"Nakwenda Igombe. Nakwenda kumpasua kichwa."

"Unakwenda kupakia magunia manane."

"Dada, huyu mtu alitaka nizeekee..."

"Najua alitaka nini. Na ukimpasua ndio utakuwa umempa. Rudisha spana. Pakia."

Alimtazama kwa jicho ambalo Masele alilijua tangu utoto. Alirudi stoo.

Mistari ya bluu ilitembea. Asilimia ishirini. Asilimia arobaini. Kashindye alipita dirishani, akachungulia, akaona bluu kila mahali, akaondoka. Kwenye diski ya Nurudin uso wa Masele ulikuwa unazikwa, tabaka juu ya tabaka, chini ya programu za mishahara ya wapaa samaki.

SAA TISA NA NUSU

Kompyuta thelathini na mbili ziliamka pamoja. Kila moja ilikuwa na picha ileile: samaki wa buluu, jina la kiwanda kwa herufi kubwa, na chini yake maneno MALI YA KIWANDA.

Odeta alisimama mbele ya ile ya mwisho, ya Nurudin. Akatabasamu.

Getini, Kashindye alishika hati, akaisogeza mbali na macho.

"Kalamu tena? Siku hizi si mashine?"

"Mashine ndiyo imetoka hospitali sasa hivi, mzee," alisema Odeta kutoka ndani ya Fuso. "Bado haijapata nguvu."

"Na karani anakwenda wapi?"

"Tumbo," alisema Shamsia, aliyebanwa katikati. Kwa sura aliyokuwa nayo, mzee aliamini. Aliinua chuma cha geti.

Igombe ni kaskazini. Masele alikata kusini.

SAA KUMI ALASIRI

Walisimama Igoma, karibu na kijiwe cha bodaboda. Mbele yao barabara ya Kishiri ilikwenda Buhongwa, na kutoka huko Usagara, daraja la Busisi, Sengerema, na nchi yote ya magharibi. Nurudin alikuwa na simu zao. Hapakuwa na njia ya kumwambia chochote isipokuwa karatasi. Shamsia alitoa bahasha za kiwanda alizokuja nazo mkobani, akazichana nembo, akampa Odeta moja pamoja na karatasi na kalamu.

"Mtukane," alisema Masele.

"Usiandike jina langu," alisema Shamsia.

Odeta aliandika akiwa ameegemea dashibodi, kwa herufi za shule ya msingi, zilizonyooka.

"Nurudin. Mzigo umetoka salama, lakini hauji Igombe. Usitusubiri, boti itakula mafuta bure. Ruta nimeichukua, ilikuwa zawadi yangu na wewe hujui kuitumia. Simu baki nazo. Kompyuta yako nakurudishia, sikuiba cha mtu binafsi. Kila ulichomwahidi afande kimo humo. Iwashe mbele yake, aone kwa macho yake. Mimi sijifichi kwa sababu nakuogopa. Naondoka kwa sababu nina kazi. Siku ukitoka, kibanda changu cha ufundi utakikuta kimefunguliwa. Odeta."

Masele alinyoosha shingo, akasoma. Alifika kwenye maneno "siku ukitoka", akarudia. Kisha akamkumbuka yule samaki wa buluu na maneno yaliyokuwa chini yake, MALI YA KIWANDA, na akaanza kucheka bila sauti, paji la uso kwenye usukani.

Odeta alikunja karatasi mara mbili. Akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Akaifunga kwa seloteipu juu ya ile kompyuta, akaita kijana wa bodaboda mwenye kofia nyekundu.

"Igombe, ufukweni. Utamwona mtu mwenye shati jeupe na boti tupu. Mpe mkononi. Mwambie ni ya haraka."

Pikipiki iligeuka, ikashika njia ya kaskazini.