Upepo Ulio Juu ya Ukuta

Saa tisa na nusu alasiri Kimya alifungua kufuli, akavua viatu, akaliambia jokofu, “Nimerudi.” Jokofu likanguruma kama kawaida yake. Hakuna mwingine wa kumwitikia. Mama yake, muuguzi, alifanya kazi mji wa mbali na kuja mwisho wa mwezi. Baba yake, mpima ardhi, hurudi jua likikaribia kuzama. Walikuwa wamehamia mtaa huu miezi mitatu iliyopita, na jina la Kimya msichana huyu alibandikwa darasani wiki ya kwanza, kwa sababu kila swali alilijibu kwa kutikisa kichwa.

Akala, akaosha sahani moja na kijiko kimoja, akamaliza kazi za shule. Kisha akabaki anahesabu vigae vya sakafu. Nyuma ya maghorofa wenzake walikuwa wanacheza mpira. Kelele zao zilimfikia vipande vipande.

Juu ya kabati lilikuwapo sanduku la droni, ile ndege ndogo ya mapanga manne ambayo baba huitumia kupigia picha viwanja. Leo ameiacha. “Upepo huu si wa kurushia,” alisema asubuhi. Kimya alijua kuirusha. Jumapili baba humwachia rimoti, huku amesimama nyuma yake. Akiwa peke yake hakuruhusiwa hata kuiwasha.

“Nitawatazama tu,” alijiambia. “Dakika tano.”

Ua wao ulizungukwa na kuta ndefu pande zote. Mashati ya baba yalining’inia kambani, hata mkono mmoja haukutikisika.

“Upepo gani huo?” Kimya aliyauliza mashati, akaiweka droni chini, akaiwasha.

Droni ikapaa, ikavuka ukuta, ikachomoka kama mshale. Kimya akajiona fundi kweli kweli. Kufumba na kufumbua, kioo cha rimoti kikaonyesha uwanja. Watoto wakainua vichwa. Golikipa, msichana anayekaa naye dawati moja bila kuongea naye, akapunga mikono yote miwili. Tangu wahamie hapo, hakuna aliyewahi kumpungia mkono. Naye akaupunga wake, pale uani, pasipo mtu wa kumwona.

Rimoti ikalia. Betri: asilimia thelathini.

Akageuza droni irudi. Akasukuma kijiti cha rimoti hadi mwisho. Droni ikazungusha mapanga palepale. Goli lilelile, watoto walewale. Ishirini na sita. Betri ikiisha, ile ndege ingeanguka juu ya kichwa cha mtu, na golikipa alikuwa anacheza ngoma chini yake! Kimya akafikiria kuzima rimoti na kujifungia ndani. Nani angejua? Akachukua simu yake ndogo ya vitufe, akaweka spika.

“Baba, nimerusha droni. Inakataa kurudi.”

“Iko wapi? Betri?”

“Uwanja wa mpira. Ishirini na mbili. Baba, wako chini yake!”

“Sikiliza, mama. Usishindane na upepo. Iache iende nao taratibu, iwapite. Mbele yao kuna nini?”

“Majani matupu.”

“Elekeza kamera chini, uhakikishe. Hakuna mtu?”

“Hakuna.”

“Ishushe polepole. Ikigusa, zima.”

Kwenye asilimia kumi na moja, majani yalijaa kioo chote, kisha picha ikalala upande.

Baba alipofika walikwenda pamoja. Uwanja ulikuwa mtupu; watoto walishakwenda kwao. Droni ililala nyasini, panga moja limevunjika. Baba hakuiokota kwanza. Alikaa chini, na buti zake za vumbi.

“Kwa nini?”

“Nilitaka kuwaona wakicheza.”

Baba akalitazama goli.

“Nimekasirika, na hutaigusa hadi shule zifungwe. Umeichukua bila ruhusa, tena umepima upepo mahali usipofika. Uani kuta zinaukinga. Juu ya kuta unavuma vingine kabisa. Ukiwa mkali, haturushi. Ukiwa mdogo, tunaanza kwa kuukabili, ili wakati wa kurudi utusukume nyumbani. Wewe umebebwa nao, ukadhani ni ufundi wako.”

“Nisamehe, baba.”

“Nimekusamehe. Ungenificha dakika mbili zaidi, sasa hivi tungekuwa hospitali tunaomba radhi. Ulisema ukweli wakati bado unasaidia. Shika hilo.” Akafuta panga lililovunjika kwa kidole. “Na ukitaka kuwaona watu, binti yangu, nenda walipo.”

“Wakinicheka?”

“Huenda wakakucheka. Mimi kila nikianza kazi na watu wapya nasimama pembeni siku mbili tatu, mikono sijui niiweke wapi. Inauma. Lakini nasimama pale pale wanaponiona, na siku moja mtu ananiambia nimshikie kamba ya kupimia.”

Kimya alitazama mstari wa chokaa uliofifia pembeni mwa uwanja.

“Kesho nitakuja hapa,” alisema. “Kwa miguu.”

“Uje,” baba akasema. “Na ukiulizwa droni ilirushwa na nani, useme.”