Fomu Iliyokosa Saini

Kila siku alipotoka shule, Semhar alipitia kwanza kwenye sanduku la barua pale chini ya ngazi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba nzima. Wazazi wake walitoka Eritrea kabla hajazaliwa. Kijerumani chao kilitosha kazini na sokoni, ila barua za ofisini ziliwashinda. Kwa hiyo barua za bima, za umeme na za shule zilipita mikononi mwa Semhar, kisha baba yake, Mzee Habtom, aliuliza lile swali lake la siku zote: "Haya mwanangu, wanasemaje?"

Mzee Habtom alikuwa akifunga vifurushi kwenye ghala moja pale Bochum. Kwa miaka tisa alifanya kazi kila Jumamosi, na timu ya mji nayo hucheza Jumamosi. Kelele za uwanjani alizisikia kupitia dirisha la ghala. Goli likifungwa alilijua kwa mlio tu, lakini ndani ya uwanja hajawahi kukanyaga.

Mwaka huo msimamizi alimpa Jumamosi moja ya mapumziko, siku ya mechi ya mwisho ya msimu. Moja tu. Mzee Habtom alifurahi kama bwana harusi. Tatizo ni kwamba tiketi huuzwa kwa wanachama kwanza, na mara nyingi huishia hukohuko. Ndiyo maana tangu Januari alijaza fomu ya uanachama na kuituma.

Februari ikaja barua. Semhar alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, rafiki yake Aleyna akimpigia mluzi kutoka chini.

"Wanasemaje?" baba akauliza.

Semhar alisoma mistari miwili ya juu. "Wanakukaribisha tu, Baba. Wanashukuru."

"Hakuna cha kufanya?"

"Hakuna."

Akaitumbukiza barua kwenye droo, pamoja na matangazo ya maduka, akashuka ngazi mbiombio.

Siku ya mauzo iliangukia likizo ya Pasaka, saa nne asubuhi. Baba alikuwa kazini. Semhar alikaa mbele ya kompyuta tangu saa tatu, mkojo umembana, asithubutu kuinuka. Katika foleni ya mtandaoni kulikuwa na watu elfu sita mbele yake. Wakawa elfu nne, kisha mia tisa, hatimaye zamu yake ikafika. Kompyuta ikamdai namba ya uanachama.

Namba ipi? Alifungua droo, akaichambua mpaka chini, akaipata ile barua. Safari hii aliisoma yote. Mstari wa tano uliandikwa hivi: fomu yako haina saini ya kuruhusu malipo ya benki. Tafadhali tia saini na uirudishe katika majuma mawili, la sivyo ombi lako litafutwa.

Majuma mawili yalikwisha tangu Machi mosi.

Alikimbia mpaka duka la klabu. Mama wa dirishani alimsikiliza vizuri, kisha akatikisa kichwa. "Wanachama wamezimaliza zote, binti. Na ombi jipya linachukua majuma matatu."

Aleyna akaja na lake. "Kuna jamaa mtandaoni anauza mbili! Tazama, ameweka na picha."

Kaka yake Aleyna akachungulia simu, akacheka kwa pua. "Hii picha ilinilia hela mwaka jana. Nilisimamishwa getini na tiketi bandia kama mwizi, wenzangu wakapita wananipungia. Achaneni nayo."

Jioni baba aliuliza akiwa bado na koti la kazi. "Tumepata?"

"Bado tupo kwenye foleni, Baba," Semhar akasema.

Ulikuwa uongo wa pili, na huu aliusema akijua.

Jumapili baada ya kanisa nyumba ilijaa. Mama alikaanga kahawa, bakuli la bisi likazunguka, na umbea ukapata wenyewe. Bibi Kaczmarek, Mjerumani wa ghorofa ya chini, alikuwa pale pale kwenye kiti chake cha kila Jumapili, mguu kaunyoosha. Goti lake lilifanyiwa upasuaji juzi tu. Mzee Habtom alijitokeza na skafu mpya ya timu shingoni.

"Wee Habtom, hiyo skafu utalala nayo?" shangazi Letay akamtania.

"Nitazikwa nayo! Binti yangu ananikatia tiketi. Nikiwa na huyu, Ujerumani yote naisoma."

Watu wakapiga makofi. Semhar alisikia bisi zimekuwa mchanga mdomoni.

"Hakuna tiketi," akasema.

"Unasemaje?"

"Hakuna, Baba. Barua ile ya Februari haikuwa ya kukukaribisha. Walitaka saini. Sikuisoma yote, nilikuwa nakimbilia kucheza. Na sasa zimekwisha."

Kwa Waeritrea mtu haondoki kwenye kahawa kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka. Hata waliogombana hukisubiri. Mzee Habtom aliweka chini kikombe chake cha kwanza, akavua skafu, akaikunja vizuri, akatoka.

"Makubwa!" shangazi Letay akanong'ona. Mama alikodolea makaa macho. Semhar alitamani apigiwe kelele, lakini hakuna aliyemkemea, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Vikombe vya tatu vilipomiminwa, Bibi Kaczmarek alichukua cha Mzee Habtom, akajivuta na mkongojo wake mpaka kwenye ngazi alikoketi mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi, wote ndani wakasikia.

"Kunywa, Habtom. Miaka sita mnanifundisha kutoondoka kabla ya hiki, leo unakimbia wewe? Sikiliza. Nina tiketi ya msimu, jukwaa la kusimama. Kwa goti hili siwezi kusimama hata nusu saa. Nenda wewe. Ila nafasi ni moja, na juu hakuna paa."

"Nilitaka kwenda na mtoto," baba akasema.

"Najua. Lakini ni moja."

Jumamosi ya mechi Semhar alibaki dirishani akisikiliza mvua na kelele za mbali. Zilikuwa chache. Timu ilifungwa mabao manne kwa bila na kushuka daraja. Baba alirudi amelowa chapachapa, sauti imekwisha kabisa, skafu inachuruzika maji. Alimkalisha Semhar mezani.

"Nimeona uwanja," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Watu wazima walilia, nikalia nao. Ningependa ungekuwepo."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe tangu kikombe cha tatu. Lakini shika hili. Kukosea kusoma ni jambo dogo, hata mimi hukosea anwani za vifurushi. Ungeniambia siku uliyogundua, tungehangaika wawili. Katika nchi hii macho yangu ni wewe, Semhar. Jicho likiniambia njia ni nyeupe na mbele kuna shimo, mimi nitafanyaje? Usipojua, sema sijui. Ukikosea, sema nimekosea. Basi."

Kisha akamsogezea kalamu na fomu mpya ya uanachama. Wakaisoma wote wawili, baba akifuata kila neno kwa kidole, akatia saini mahali panapotakiwa. Jumamosi nyingine ya mapumziko hakuahidiwa na mtu.

Jumatatu ikaja barua nyingine. Semhar aliisoma yote kwa sauti, tangu salamu hadi yale maandishi madogo ya chini kabisa. Lilikuwa tangazo la mazulia. Baba alisikiliza mpaka mwisho.