Ulimi wa Dorotea na Stempu za Mdachi

Gundi ilikuwa na chumvi. Dorotea aliitambua mara tu ulimi wake ulipogusa mgongo wa stempu ya kwanza: chumvi, na uvuguvugu, kana kwamba kuna mtu aliyeilamba sasa hivi kabla yake. Akatema mate dirishani, akaibandika stempu kwenye bahasha kuukuu, akachukua ya pili.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, soko limefunguliwa, watu wa Mwanza wanauza chochote kinachoshikika. Wengine mitumba, wengine minofu ya sangara. Dorotea, mjane wa mtaa wa Mirongo, aliuza stempu za Mdachi alizoachiwa na marehemu baba yake, Mzee Kashindye, karani wa posta: meli ya Kaizari ikipasua mawimbi, na juu yake jina la koloni kwa herufi za majivuno. Watalii wa hotelini walizipenda, na zikiwa juu ya bahasha ya zamani walizipenda zaidi.

Hakuna aliyeuliza meli ile ilimbebea nani nini. Hakuna, isipokuwa binti yake wa pekee, Selina, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu, Dar. Likizo iliyopita walishikana maneno.

"Mama, hao waliwafunga watu minyororo shingoni. Waliwanyonga kwenye miti, hapa hapa mjini. Wewe unaipamba meli yao, unaiuza?"

"Karatasi hizi ndizo zilizokulipia nauli, msomi wangu. Ungeenda kwa miguu?"

"Ningeenda kwa miguu!"

"Kwa viatu vya stempu ipi?"

Selina hakucheka. Alibeba begi lake. "Sitapiga hodi kwenye nyumba hii mpaka zitoke zote."

Tangu hapo nyumba ilikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, na redio ambayo Dorotea aliiacha iongee hata asipoisikiliza.

Ndiyo maana jioni ile, ladha ya gundi ikiwa bado mdomoni, aliposikia hodi hakufikiri. Nani huacha hodi ining'inie bila kuitikiwa?

"Karibu!" alisema, kwa furaha ya mtu aliyesahauliwa na wageni.

Mlango ukafunguka. Hapakuwa na mtu. Ila harufu iliingia, ya ngozi iliyolowa na kutu ya chuma, ikampita begani, ikaenda pembeni. Na kiti cha pembeni kikalia kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mzito.

Baada ya hapo kila alfajiri aliamka ulimi umenata kwenye kaakaa, akaubandua kwa maji ya moto. Mchana alisikia chuma kikiburutwa sakafuni. Na alipozima redio, pale pembeni palikuwa na mtu anajifunza. Maneno yake mwenyewe, yale mwanamke mpweke anayojisemea jikoni, *chumvi nimeiweka wapi, mvua hii, jamani,* yalirudi taratibu, kwanza kwa sauti ya kukwaruza, kisha laini kidogo, kisha laini zaidi, kila siku yakiikaribia sauti yake.

Akaenda kwa Mzee Mayala, mganga wa upande wa Bujora.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fungua mdomo." Akachungulia, akarudi nyuma. "Umelamba nini, mama?"

Akamweleza, kwa kunong'ona.

"Huo si mzimu. Mzimu ana ukoo, tungembembeleza kwa pombe. Hilo ni jini lililokuja na Wadachi, likanenepa kwenye minyororo yao. Wenyewe walifukuzwa, lenyewe likabaki kwenye picha zao, likingoja mwenyeji. Wewe umelipatia ulimi, kisha ukalikaribisha."

"Litatoka?"

"Choma zote. Zote, umenisikia? Ukibakiza moja, umeliachia kiti."

Alizichomea uani, kwenye jiko la mkaa. Moshi ulinuka nywele. Usiku ule harufu ya kutu haikuwepo, kiti kilinyamaza, na Dorotea akalia kwa ahueni. Akamtuma mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipanda treni: "Mwambie Selina nimezichoma zote. Aje."

Hakumwambia kwamba moja ilikuwa kifuani mwake, ndani ya kitambaa. Ile nzuri kuliko zote. Mtalii alikuwa ameahidi kuirudia, na binti angehitaji godoro jipya.

Selina alifika alasiri ya mvua, mama akiwa jikoni anageuza sato.

"Hodi! Mama? Ni mimi."

Dorotea aliacha mwiko, akakimbilia sebuleni, akafungua mdomo kuitikia, na ulimi haukutoka, ulikuwa umeganda kwenye kaakaa kama stempu kwenye bahasha, akauvuta kwa vidole mpaka akaonja damu, yenye chumvi ileile, na kifuani kitambaa kikawa cha moto, na harufu ya ngozi mbichi ikafunika harufu ya samaki, na pembeni, polepole, kama mtu asiye na haraka ndani ya nyumba yake mwenyewe, kiti kikalia.

"Mama, bado umekasirika? Nimesikia umezichoma. Nimekuja kuomba radhi."

Dorotea alitikisa kichwa kuuelekea mlango uliofungwa. *Rudi. Rudi, mwanangu.* Miguu haikusogea.

"Karibu, msomi wangu," ikasema sauti yake, kutoka pembeni, laini, bila kasoro. "Umekuja kwa miguu?"

Komeo likateleza lenyewe.

Nje Selina alicheka, akasukuma mlango.