Lami kwenye Uso wa Mama Sabuni

Kwenye mchoro mikono ilibaki, beseni lilibaki, hata povu lilibaki likimeta ukutani. Ila uso wa Mama Sabuni haukuwepo. Mahali pake palikuwa na lami nyeusi, ikichuruzika hadi dirisha la ghorofa ya pili.

"Una ugomvi na nani hapa?" Inspekta alimuuliza mchoraji.

"Sina, afande. Wapangaji wenyewe waliniita. Ukuta huu unaonekana mtaa mzima, wakasema achorwe aliyewafulia nguo miaka thelathini."

Inspekta alipanda jukwaa la mbao la mchoraji. Mwenye chuki na mchoraji angeharibu picha yote. Huyu alilenga uso tu. Hakutaka mtu atambulike. Kwenye ubao palikuwa na alama ya lami ya kiatu chembamba, cha kike.

Aliposhuka, alimkuta Mama Sabuni mwenyewe akimsubiri.

"Nikamate mimi, afande. Nimepaka mimi."

"Kwa nini?"

"Pua walinikosea."

Watu waliangua kicheko. Inspekta hakucheka.

"Hebu panda ngazi ya jukwaa, mama, nione ulivyofika."

Mama Sabuni aliinua mguu. Goti likagoma. Akabaki ameshika ngazi, macho chini.

"Unamficha nani?"

Inspekta aliagiza daftari la mikutano ya wapangaji. Wote walimtaka Mama Sabuni, isipokuwa mmoja aliyependekeza maua: katibu wao, mpangaji wa ghorofa ya tatu. Binti wa pekee wa Mama Sabuni.

Alimkuta sebuleni, amevaa kikazi.

"Nionyeshe mikono."

Ilinuka mafuta ya taa. Pembeni mwa kucha palikuwa na weusi uliokataa kutoka.

"Viatu ulivyovaa kupandia jukwaani viko wapi?"

"Nimevitupa." Akakaa kitini. "Jumamosi wazazi wa mchumba wangu wanakuja. Wangemwona pale juu, mkubwa kama nyumba, na sura yangu hii hii."

"Wangeona nini? Mama anafua nguo?"

"Niliwaambia alikuwa muuguzi. Niliwaambia alishafariki."

Mlango ulilia. Mama Sabuni alikuwa amepanda ngazi za ghorofa zote tatu, polepole, goti na yote.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?" aliuliza.

Binti alijifunika uso kwa viganja. "Mama, nisamehe."

"Nimeuliza tu, mwanangu. Wakinikuta, nijue la kusema."

Inspekta alikuwa amewatazama wauaji machoni bila kupepesa. Sasa alijikuta akisoma maandishi ya daftari lake juu chini.

"Moyo," binti alinong'ona. "Nilisema moyo."

Mama Sabuni aliitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia Inspekta.

"Hapo hakudanganya sana, afande."